Kitabu hakijatoka, watu wamekwisha kukasirika: somo la wachezaji wa Dungeons & Dragons



Mwezi wa kwanza 2023, mtoto wa baba yangu mdogo, anayeishi Canada, aliniandikia usiku: "Yaya, mambo imeharibika." Nikashtuka. Sisi watu wa Kivu, ujumbe kama huo ukiingia usiku, swali ni moja tu. Nikamuuliza: nani alikufa? Akajibu: "Hakuna mutu alikufa. Banataka kubadirisha leseni ya muchezo."

Nilicheka, nikaweka simu chini, nikalala. Kesho yake ndipo nilipoona haya. Yule mdogo wangu anaandika hadithi fupi za mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons, anaziuzisha kwa intaneti dolari 2 ao 3 kila moja. Si feza nyingi. Lakini sehemu ya feza hiyo njo ilikuwa inalipa minervali ya dada yake hapa Bukavu. Kumbe ile leseni niliyoicheka ilikuwa inagusa hata nyumba yetu.

Basi nikaamua kuitafuta na kuisoma. Mimi ni mtu wa sheria, kusoma karatasi ndefu ni kazi yangu. Na nilivyosoma zaidi, nikaona kwamba hawa wapenzi wa mchezo wanajua kitu kimoja ambacho sisi tuliosoma mara nyingi tunakisahau. Leo nataka kueleza kwa nini watu wanaweza kukasirikia kitabu ambacho hakijatoka bado, na hasira ya namna gani inazaa matunda.

1. MCHEZO WENYEWE NI NAMNA GANI?

Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D) ulitoka Marekani mwaka 1974. Walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, na mara ya kwanza zilichapwa nakala 1000 tu. Usifikirie ludo ao makarata. Watu wanne ao watano wanakaa mezani. Mmoja anakuwa msimamizi: yeye njo anasimulia. "Mumefika kwenye daraja, mvua inanyesha, ngambo ya pili munaona taa." Wengine, kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi: mpiganaji, mchawi, mwizi, kuhani. Anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, anarusha kete. Kete inayojulikana sana kwao ina nyuso 20. Namba ikiwa kubwa, amevuka daraja. Ikiwa ndogo, ameanguka mtoni, na hadithi inaendelea kutokea pale mtoni.

Hakuna mshindi. Na usiku mmoja hautoshi: kundi moja linaweza kuendesha hadithi moja kwa miaka. Wanaoa, wanazaa, wanahama mji, na hadithi inaendelea.

Sasa, kitabu kinaingia wapi? Vitabu vikubwa ni vitatu: kimoja cha mchezaji, kimoja cha msimamizi, kimoja cha viumbe na majini. Ndani yake muna sheria: mchawi anaweza nini, upanga unaumiza kiasi gani, mtu akianguka anapona namna gani. Ikiwa umenunua riwaya na ni mbaya, unaiacha, basi. Kitabu cha D&D ni tofauti. Ni kama sheria ya nyumba. Ukibadilisha sheria, umemgusa yule mhusika ambaye mtu amemlea miaka mitano.

Njo maana toleo jipya likitangazwa tu, watu wanasimama. Sababu ziko tatu. Ya kwanza ni hiyo ya nyumba: watanigusa mambo yangu. Ya pili ni mfuko: mwaka 2024 kila kimoja cha vitabu vile vitatu kilikuwa karibu dolari 50, na ukikwisha kununua vya zamani, hutafurahi kusikia vinazeeka. Ya tatu ni kazi: kuna watu wengi, kama mdogo wangu, wanaotunga hadithi na vitabu vyao juu ya sheria za mchezo huu na kuviuzisha. Kwao tangazo la kitabu kipya ni habari ya mkate.

2. MWAKA 2008: WALIOCHUKUA MEZA YAO WAKAENDA

Kampuni inayotoa D&D leo ni Wizards of the Coast. Ilinunua mchezo mwaka 1997, na yenyewe ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000, ilipotoa toleo la tatu, ilifanya jambo la ajabu: iliandika leseni ya wazi, inayojulikana kwa herufi OGL. Kwa maneno mepesi, leseni ile ilisema: chukueni sheria za msingi za mchezo, tungeni vitabu vyenu juu yake, uzisheni, hamtatulipa kitu, mradi mufuate masharti machache. Hesabu yao ilikuwa rahisi: wengine wakitunga hadithi, wachezaji wataongezeka, na wachezaji watanunua vitabu vikubwa.

Mwezi wa nane 2007, kwenye maonyesho makubwa ya michezo huko Indianapolis, kampuni ilitangaza toleo la nne, litakalotoka mwaka 2008. Wachezaji waligawanyika mara moja. Wengine walifurahi. Wengine walisema huu si mchezo wetu tena. Tena toleo hilo halikuja na ile leseni ya wazi. Lilikuja na ingine, yenye masharti magumu zaidi.

Kulikuwa na kampuni ndogo, Paizo, ambayo mpaka 2007 ilikuwa inatoa magazeti ya mchezo huu kwa ruhusa ya Wizards. Ruhusa ikaisha. Paizo ikafungua leseni ya mwaka 2000, ikaona kwamba sheria za toleo la tatu bado ziko huru. Ikazichukua, ikazirekebisha, ikaziweka hadharani mwaka 2008 ili wachezaji wazijaribu, na mwaka 2009 ikatoa kitabu chake: Pathfinder. Wachezaji wengi wasiopenda toleo la nne walihamia kule.

Angalia vizuri. Walikuwa na hasira, ni kweli. Lakini hasira peke yake haikuwapa mahali pa kwenda. Mahali pa kwenda palikuwa pameandikwa ndani ya karatasi miaka minane mbele, na kulikuwa na mtu aliyekumbuka kuisoma.

3. KUULIZA WATU MBELE YA KUCHAPA

Kampuni ilijifunza. Mwezi wa kwanza 2012 ilitangaza kwamba inaandaa toleo lingine, na safari hii ikawaomba wachezaji wenyewe walijaribu. Ilitoa rasimu bure, watu wakacheza, wakajaza maswali, rasimu ikabadilika. Toleo la tano lilitoka 2014, na njo lililoingiza watu wengi wapya kabisa ndani ya mchezo.

Mwezi wa nane 2022, desturi ile ikaanza tena kwa ajili ya vitabu vya 2024. Nawapa mfano mmoja mdogo ili muone ginsi inavyokwenda. Rasimu ya kwanza ilisema mambo mawili: mtu akirusha kete na kupata 20, afaulu jambo lolote analojaribu, na viumbe wa msimamizi wasiweze tena kupiga lile pigo kubwa linaloletwa na 20. Wachezaji walipinga. Wasimamizi wakasema: mukitunyanganya pigo hilo, hatari itatoka wapi? Mchezo bila hatari ni chai bila majani. Mwezi uliofuata, rasimu ya pili ikatoka na sheria hizo zimebadilishwa.

Hii ni hasira yenye mlango. Kuna karatasi, kuna maswali, kuna tarehe ya mwisho ya kujibu. Anayesema "sipendi" anaombwa aseme hapendi nini, na kwa nini.

Kuna mfano mwingine unaotugusa sisi Waafrika. Mwaka huo huo 2022 kilitoka kitabu cha Spelljammer. Ndani yake muna viumbe wanaofanana na nyani. Historia yao ilisema mchawi mmoja aliwakamata, akawabadilisha kwa dawa ili awauzishe. Wasomaji waliona mara moja ile historia inafanana na nini: watu weusi wameitwa nyani kwa muda mrefu, na wameuzwa. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa kampuni iliomba musamaha, ikaondoa maneno yale ndani ya kitabu cha kwenye mtandao. Baadaye ikasema vitabu vyake vitakuwa vinapitiwa na watu wa nje wanaojua utamaduni, mbele ya kuchapwa. Lakini nakala za karatasi zilikuwa zimekwisha kutoka, ziko nyumbani kwa watu mpaka leo. Maji yakisha mwagika hayazoleki. Ni bora kelele ije wakati kitabu kingali rasimu.

4. LEO TURUDI KWENYE ULE USIKU WA 2023

Sasa mutaelewa kwa nini mdogo wangu hakulala. Tarehe 5 mwezi wa kwanza 2023, mwandishi wa habari Linda Codega alitoa habari kwamba ameona rasimu ya leseni mpya ya D&D, ambayo kampuni haikuwa imeitangaza bado. Ndani ya rasimu muna mambo matatu ambayo yaliwasha moto.

Moja: anayepata zaidi ya dolari 750 000 kwa mwaka angelipa kampuni mpaka asilimia 25 ya kile kinachozidi pale. Hiyo si asilimia 25 ya faida, ni ya mapato, mbele ya kulipa mchapaji, mchoraji na posta. Yeyote aliyewahi kuendesha hata duka dogo la Kadutu anajua kwamba hesabu hiyo inaweza kukuacha na deni.

Mbili: kampuni ingekuwa na haki ya kutumia kile ulichotunga wewe.

Tatu, na njo kubwa: leseni ya mwaka 2000 ingehesabiwa kuwa haina ruhusa tena.

Mdogo wangu hapati dolari 750 000, hata 750 kwa mwezi hapati. Jambo la kwanza halikumhusu. Lakini la tatu lilikuwa linagusa kila hadithi aliyokwisha kuandika.

Hapa njo nilipoanza kuwaheshimu watu hawa. Siku za kwanza kulikuwa na matusi mengi, kama kawaida. Lakini mara wakajitokeza wanasheria, watunzi, wachapaji, na wachezaji wa kawaida, wakaifungua leseni ya zamani na kuisoma kifungu kwa kifungu. Leseni ile ilisema ni ya kudumu. Je, "ya kudumu" ni sawa na "isiyoweza kuondolewa"? Hapana, sivyo katika sheria. Na ndani ya kifungu cha 9 muna neno moja linaloruhusu watu kutumia toleo lolote la leseni "lililoidhinishwa". Kampuni ilikuwa inataka kusimama juu ya neno hilo moja: ikiwa sisi tunaidhinisha, basi sisi tunaweza kuondoa idhini. Watu waliokuwa wanabishana juu ya mazimwi sasa walikuwa wanabishana juu ya maana ya neno moja la mkataba, tena kwa ustadi ambao nimeuona mara chache hata mahakamani.

Kisha walifanya mambo matatu. Waliandika barua ya wazi, ikasainiwa na maelfu ya watu. Walikata michango yao ya kila mwezi kwenye huduma ya mtandao ya kampuni, ju walijua mahali pa kumshika mfanyabiashara ni kwenye mfuko. Na wale wachapaji wengine, Paizo mbele, walitangaza tarehe 12 kwamba watatengeneza leseni yao isiyokuwa mikononi mwa kampuni moja.

Kampuni ikarudi nyuma kidogo kidogo. Tarehe 19 ikatoa rasimu mpya, safari hii na maswali ya kujaza. Zaidi ya watu 15 000 wakajibu. Asilimia 88 walisema hawataki kutoa kazi yao chini ya leseni hiyo mpya. Asilimia 89 hawakuridhika na kuondolewa kwa leseni ya zamani. Tarehe 27 mwezi ule ule, kampuni ikasema: leseni ya zamani itabaki ilivyo, tena sheria za msingi za toleo la tano, kurasa karibu 400, tunaziweka chini ya Creative Commons. Hiyo ni leseni isiyokuwa ya kampuni, na ukikwisha kutoa kitu chini yake, huwezi kukirudisha.

Hesabuni siku: kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 27, siku 22. Na mwaka 2025, sheria za msingi za vitabu vipya nazo ziliwekwa chini ya Creative Commons.

5. MBONA WALISHINDA?

Nimejiuliza sana. Si ju walikuwa wengi. Wengi wanalalamika kila siku na hakuna kinachobadilika. Si ju walipiga kelele kubwa. Kelele ya siku tatu inapita kama mvua ya kiangazi. Tena tuseme ukweli, si kila hasira yao ilikuwa na haki. Mwaka 2008 wako waliosema mchezo umekufa, haukufa. Wako wanaokasirikia kitabu kwa sababu ya ukurasa mmoja wa picha, bila kusoma kilichobaki. Wako wanaotukana wafanyakazi ambao hawakuandika hata mstari mmoja wa mkataba. Hiyo si ushujaa, ni kukosa adabu tu.

Ninavyoona mimi, walishinda kwa sababu ya vitu vitatu vilivyokutana.

Kwanza, walisoma. Waliweza kusema "kifungu hiki, neno hili". Mtu anayekuambia "munatuonea" unaweza kumpuuza. Anayekuambia "kifungu cha 9, neno la tano" sherti umjibu.

Pili, walikuwa na mahali pa kwenda. Pathfinder ilikuwepo. Leseni ingine ilikuwa inaandaliwa. Mtu ambaye hana mlango mwingine, hata akilia, anajulikana kwamba atabaki.

Tatu, walisema mapema. Rasimu ilikuwa bado rasimu. Kubadilisha rasimu ni kazi ya kalamu; kubadilisha kitabu kilichokwisha kuchapwa ni hasara, na hakuna anayependa kukubali hasara.

Hata baadaye njia ni ile ile. Mwezi wa nane 2024, wiki chache mbele ya kitabu kipya cha mchezaji kutoka, kampuni ilisema kwamba kwenye huduma yake ya mtandao uganga na vyombo vya toleo la 2014 vitabadilishwa na vya 2024 ndani ya karatasi za wahusika. Watu walikuwa wamelipia vile vya zamani. Walisema wazi: sisi hatukatai kipya, tunakataa kunyanganywa tulichonunua. Kwa siku chache tu uamuzi ukabadilishwa.

6. NA SISI?

Hapa sherti niseme kosa langu.

Mwaka jana rasimu ya kanuni za ndani za chama ilitumwa kwenye kundi letu. Kurasa 14. Tulipewa wiki mbili kutoa maoni. Waliotoa maoni walikuwa watu watatu. Mimi, mwanasheria, sikuwa mmoja wao. Niliona faili, nikaweka kidole gumba juu, nikaendelea na mambo yangu. Siku kanuni zilipopitishwa, tukaona kwamba mwenye deni la michango ya miezi sita hawezi kusaidiwa hata kwenye kilio. Tukaanza: "Nani aliandika hii? Banatutendea vile ju ya nini?" Kamati ikajibu kwa upole: rasimu mulikuwa nayo, ndugu. Na kweli tulikuwa nayo. Hakuna aliyetuonea. Tulijionea wenyewe.

Mwaka huu, mmoja wetu alipofiwa na mama yake na kifungu kile kikamfungia mlango, tulichanga kando, kila mtu kwa mfuko wake. Tulifanya vizuri. Lakini nilipokuwa namtumia mchango wangu, nilikuwa nawaza zile wiki mbili ambazo sikusoma kurasa 14.

Nilimwuliza mdogo wangu: wewe ulijibu yale maswali ya kampuni? Akaniambia: "Nilijibu yote, yaya. Ilinikamata saa muzima." Mtoto wa watu, anaamka saa kumi ya usiku kwenda kufanya kazi kwenye ghala, alikaa saa nzima kujibu maswali ya leseni kwa lugha ambayo alijifunza ukubwani. Mimi mwenye diploma ya sheria nilishindwa na kurasa 14 za lugha ninayoijua.

Kamati imekubali kwamba kanuni zitafunguliwa tena kwa maoni mwezi ujao. Nimekwisha kuzisoma safari hii. Kifungu cha 11, mstari wa pili: neno "yeyote" lingebadilishwa kidogo, wafiwa wasingebaki nje. Nitaandika pendekezo langu na kulituma mbele ya tarehe ya mwisho. Wewe unayesoma hapa, faili iko kwenye kundi. Ifungue, chagua kifungu kimoja tu kinachokuhusu, ukisome mpaka mwisho, useme unataka kiandikwe namna gani.

Ukikwisha kufanya hivyo, hata ukikasirika, tutakusikia.